Gauni Lisilo na Jina

Kila asubuhi makondakta wa Thika Road hutangaza bia bila kulipwa. "Wa Allsops asonge mlangoni! Allsops!" Allsops ilikuwa kampuni ya bia. Ilimezwa na wenzake miaka ya sitini, na mimi sijawahi kukutana na mtu aliyeonja bia yake, ila jina liliganda pale Outering inapokutana na Thika Road. Linaitwa kutwa nzima na watu ambao baadhi yao hawajagusa pombe maishani. Jirani na hapo, Ruaraka, kuna Kenya Breweries, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1922. Mwaka 1923 mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la ndovu: Tusker. Kifo cha mwenye kampuni kikawa lebo. Watu wa matangazo hawatupi kitu.

Nimekulia Baba Dogo, mwendo wa miguu kutoka hapo, katika nyumba ambayo chupa haikuruhusiwa kuvuka mlango. Mzee wetu hanywi. Ni Ingwe damu, AFC Leopards tangu utotoni, na mpaka leo timu ya Tusker anaiita Breweries, jina lake la zamani. Mwaka 1994 Breweries ilipofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika na kushindwa na Motema Pembe ya Zaire, mzee alikuwa akiishangilia, kwa sababu Mkenya ni Mkenya. Kuanzia 2012 ligi yenyewe ikaitwa Tusker Premier League, kwa hivyo hata Ingwe wake wakawa wanacheza ndani ya jina la bia. Mlokole asiyejua ladha ya pombe ametumia nusu ya maisha yake akilitamka jina la pombe, mara kwa furaha, mara kwa hasira. "Bia Yangu, Nchi Yangu," tangazo lilisema. Mzee alikataa bia, lakini nchi angeikataaje?

Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kumfikia shabiki. Unalipa, unaandika jina lako kwenye jezi, kwenye ligi, pembeni mwa uwanja, na kila mtu anaona nani amelipa. Nataka kuongea kuhusu njia ile nyingine, ambayo jina halionekani popote. Niliifanyia kazi mwezi mmoja, mwaka 2018, na tangu hapo siwezi kutazama mechi kwenye baa bila kuwahesabu wasichana walioketi karibu na skrini.

*

Kisa maarufu cha njia hiyo kilitokea Johannesburg. Tarehe 14 Juni 2010, Uholanzi ilicheza na Denmark uwanjani Soccer City, ikashinda 2-0. Mechi yenyewe haikuwa ya kukumbukwa. Bao la kwanza walijifunga Wadenmark. Kilichokumbukwa ni wasichana 36 waliokuwa jukwaani na magauni mafupi ya rangi ya machungwa, wakiimba na kucheza. Uwanja ulikuwa umejaa rangi hiyo hiyo, ndiyo rangi ya Uholanzi, kwa hivyo kwa jicho la kawaida hapakuwa na kosa. Magauni hayakuwa na maandishi ya kuonekana, ila lebo ndogo tu. Lakini kule Uholanzi kila mtu aliyajua: yalikuwa zawadi ukinunua bia ya Bavaria, na mwanamke aliyeyatangaza alikuwa mke wa Rafael van der Vaart, ambaye siku hiyo alikuwa anacheza.

Shida ni kwamba FIFA ilikuwa imeuza haki ya bia kwa Budweiser. Bia nyingine yoyote ilipaswa kukaa nje ya geti. Walinzi wakawatoa wasichana wale uwanjani, wakawekwa chumbani kuhojiwa kwa masaa. Wengi wao walikuwa vijana wa Afrika Kusini. Siku mbili baadaye wanawake wawili Waholanzi, waliodaiwa kupanga mambo, walikamatwa wakafikishwa mahakamani, wakaachiliwa kwa dhamana ya randi 10,000 kila mmoja. Sheria iliyotumika ni ya alama za bidhaa, ambayo Afrika Kusini ilikuwa imeiongezea kipengele cha kuzuia matangazo ya kuvizia kwenye mashindano makubwa. Mtangazaji mmoja wa ITV ya Uingereza, Robbie Earle, akapoteza kazi kwa sababu baadhi ya tiketi za wasichana wale zilikuwa zimetoka kwenye fungu lake. Waziri wa mambo ya nje wa Uholanzi akalalamika hadharani. Tarehe 22 Juni kesi ikaondolewa baada ya FIFA na kampuni kuelewana.

Nilikuwa na miaka 13. Tulitazama habari hiyo sebuleni, mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Wameshikwa kwa sababu ya nguo? Nguo haina hata jina?"

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2006 kule Stuttgart, Uholanzi ikicheza na Ivory Coast, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imewagawia mashabiki suruali za machungwa zenye mkia wa simba. Zile zilikuwa na jina. Langoni mamia ya wanaume waliambiwa wachague, suruali au mechi. Wakavua, wakaingia, wakatazama mpira wakiwa na chupi. Picha zilizunguka dunia nzima, na bia ikatajwa kuliko ambavyo ingetajwa kama wangeachwa waingie na mikia yao.

Linganisha suruali na gauni, utaona kampuni ilijifunza kitu ndani ya miaka minne. Suruali ilibeba jina, ikazuiwa langoni. Gauni halikubeba jina, likafika mpaka jukwaani.

*

Ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wetu, alikuwa na miaka 13 ile 2018. Siku moja nilimchezea mchezo. Nilichora kwenye daftari miraba ya rangi, bila neno hata moja: kijani na nyota nyekundu, nyeusi na dhahabu, njano na nyeusi, na kadhalika. Nikamwuliza kila mraba ni nini. Akazitaja bia zote. Hakukosea hata moja, na hakuwa amewahi kuingia baa. "Siz, hizi ni rahisi," akasema. "Nipe ngumu."

Alikuwa amezijua wapi? Kwenye mpira. Ukimpeleka mtoto kwa jirani mwenye dishi atazame Ligi ya Mabingwa, umempeleka darasani.

Kampuni zinalijua hilo kuliko sisi. Ufaransa ina sheria ya tangu 1991 inayobana matangazo ya pombe, ikiitwa Loi Evin. Kwa hivyo mashindano ya raga yaliyoitwa Heineken Cup kwingineko, huko Ufaransa yaliitwa H Cup. Herufi moja ilitosha. Euro 2016 ilipochezwa Ufaransa, Carlsberg haikuandika jina lake kando ya uwanja. Iliandika neno la Kiingereza la "labda", ambalo limekuwa kwenye tangazo lake miaka mingi, kwa mwandiko wake na kijani chake, basi. Guinness nayo, kwenye mechi za raga za Six Nations huko Ufaransa, iliandika neno linalomaanisha "ukuu" kwa herufi na rangi zake zilezile. Sheria ilizuia jina. Haikuweza kuzuia kile ambacho jina lilikuwa limeshapanda kichwani mwa mtazamaji.

Kwetu sheria ni ya 2010, mwaka uleule wa magauni. Tunaiita sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeisukuma, na wengi tunaikumbuka kwa masaa ya kufungua baa. Lakini ina mengine pia: hairuhusu kumlenga mtoto, na inadai onyo la afya. Ndiyo maana mwisho wa tangazo la redio kuna ile sauti inayokimbia kama mtu anayefukuzwa na kanjo, ikikuambia unywaji wa kupita kiasi ni hatari kwa afya yako na kwamba si ya kuuziwa walio chini ya miaka 18.

Sasa niambie, onyo hilo utalibandika wapi kwenye gauni lisilo na jina?

*

Kazi niliipata kupitia rafiki wa chuo. Ajensi moja, ofisi Westi, ilikuwa inatafuta wasichana "wachangamfu, wanaoelewa mpira". Wengi waliokuja walikuwa wachangamfu. Mimi nilielewa mpira. Nimelelewa na mtu wa Ingwe, najua kuotea tangu darasa la pili. Yule jamaa wa ofisini aliponiuliza kwa nini Ujerumani ilifungwa na Mexico, nikamweleza nafasi iliyoachwa nyuma ya mabeki wa pembeni, akaniandika jina papo hapo.

Masharti yalikuwa matatu, nayakumbuka mpaka leo.

La kwanza: usiseme "Kombe la Dunia". Bia iliyotulipa haikuwa mdhamini, kwa hivyo sisi tulikuwa kwenye "msimu wa mpira". La pili: usitaje bia mpaka mtu akuulize unakunywa nini. Na la tatu, ambalo alilisema mara mbili huku akitutazama mmoja mmoja: "Nyinyi hamtujui. Mkiulizwa, nyinyi ni mashabiki tu mmekuja kuenjoy."

Malipo yalikuwa shilingi 1,500 kwa mechi, 2,000 kuanzia nusu fainali, kwa M-Pesa kesho yake. Mkataba haukuwepo. Tulipewa magauni. Sitataja rangi, kwa sababu nikitaja rangi nimetaja jina, na ndugu yangu ni shahidi.

Niseme ukweli, kazi niliipenda. Saa za Moscow ni saa zetu, kwa hivyo mechi kubwa zilikuwa saa tatu usiku, baa zimejaa, watu wametoka job na hasira za siku nzima wanatafuta pa kuziweka. Tulikuwa wanne kwa baa, meza moja chini ya skrini. Hapo ndipo siri ilipo: mtu akitazama mpira lazima akutazame. Chupa moja unakaa nayo dakika tisini, lebo ikielekea watu. Bao likiingia, nyinyi ndio wa kwanza kusimama. Simu zinatoka, watu wanapiga picha, wanaposti wenyewe kwa bando zao. Mnapewa pia pesa kidogo ya kununulia meza nyingine, na maagizo yalikuwa ununulie ile meza inayokunywa bia ya adui. Mwanamume akinunuliwa chupa na msichana anayejua kikosi cha Ubelgiji, hataagiza tena ile aliyokuwa akinywa. Kesho yake supavaiza anapita kuhesabu visoda. Tulikuwa tunafanya kazi, kaka. Visoda vyetu vilikuwa vinapanda.

Na hakuna aliyejua. Hata meneja wa baa hakujua. Angejua, angetaka chake.

Usiku wa tarehe 11 Julai, nusu fainali, Uingereza na Croatia. Unajua Nairobi na Uingereza: si taifa, ni Arsenal na Man U na Spurs zimevaa jezi moja. Tulikuwa baa moja ya Ngong Road. Trippier akafunga frikiki dakika ya tano, paa likataka kuondoka. Mwenzangu mmoja, msichana wa Dandora aliyekuwa akisomea uuguzi, akanunulia chupa meza ya wanaume wanne nyuma yetu, kama tulivyoagizwa. Mmoja wao akaanza kumwita "wife". Tukacheka. Kucheka kulikuwa ndani ya kazi.

Perisic akasawazisha dakika ya 68. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, na baa ikabadilika hewa. Mandžukić alipofunga dakika ya 109, yule jamaa akamvuta mwenzangu kwa kiuno akamkalisha mapajani. Akajitoa. Akavutwa tena. Safari hii akamsukuma, meza ikayumba, chupa zikaanguka, na jamaa akampiga kofi ambalo nililisikia juu ya kelele zote.

"Umeninunulia pombe mwenyewe," alikuwa akisema, na sauti yake haikuwa hata ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa. "Umeninunulia mwenyewe, sasa unajifanya nani?"

Mabaunsa walikuja. Wakamshika mwenzangu. Si jamaa, mwenzangu. Msichana na gauni fupi, hana mwanamume mezani, amenunulia watu pombe, amevunja chupa: hesabu yao ilikuwa imeshapigwa kabla hawajafika. Alikuwa akisema, "Niko kazini, aki niko kazini," na meneja, mtu mpole tu, akamwuliza swali la haki kabisa:

"Kazi ya nani?"

Nilimwona akijitazama kifuani, kama mtu anayetafuta beji. Gauni halikuwa na kitu.

Alimpigia supavaiza, ambaye alikuwa kwenye gari ng'ambo ya barabara. Tuliliona gari kutoka mlangoni. Simu ilipokelewa. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia sauti ikisema polepole, bila kupaniki, "Usitutaje hapo. Tutaongea kesho." Kisha taa za gari zikawaka, likaondoka.

Tulichukua jaketi zetu, tukatembea mpaka stejini. Uingereza ilikuwa imetolewa na watu walikuwa wakitoka baa nyingine wakilia, wengine wakicheka, na hakuna aliyeona ajabu msichana mwenye shavu lililovimba katikati yao. Kesho yake nilimsindikiza polisi. Afisa alikuwa mama wa makamo, alimsikiliza vizuri, akaandika. Alipofika kwa mwajiri, akauliza. Mwenzangu akanitazama. Hatukuwa na barua, hatukuwa na mkataba, namba tuliyokuwa nayo ilikuwa imezimwa. M-Pesa zote zilikuwa zimetoka kwa jina la mtu binafsi tusiyemjua. Yule mama akangoja kidogo, kisha akaandika, hana kazi.

Jioni nilipata shilingi 2,000. Yeye hakupata. Ujumbe ulisema hakumaliza mechi.

*

Miaka hii yote nimekuwa nikiufikiria ule ujanja wa 2010, na kila nikisoma watu wa soko wakiusifu, nao huusifu sana, naona wameangalia upande mmoja wa gauni. Wanasema werevu wake ni kwamba jina halikuwepo: FIFA haikupata cha kufunika, ikabidi imfukuze mtu mwenyewe, na kwa kumfukuza ikaitangaza bia. Kweli. Lakini jina lisipokuwepo, kuna kitu kingine ambacho hakipo. Hakuna wa kuulizwa. Jina kwenye jezi ni tangazo, na pia ni anwani. Ukilipuliwa na gesi yenye jina, unajua mlango wa kubisha. Ukiliondoa jina kwenye tangazo, umeliondoa pia kwenye lawama, na kinachobaki uwanjani ni mwili wa aliyevaa.

Nisiwaonee wale wa Uholanzi. Kampuni yao ilijitokeza kuwatetea wanawake waliokamatwa, na ikaelewana na FIFA mpaka kesi ikafutwa. Walikuwa na waziri wa kuwasemea. Hata hivyo angalia nani alifanya nini. Waliosindikizwa na walinzi ni wasichana. Waliosimama mbele ya hakimu ni wanawake wawili. Aliyefutwa kazi ni mtangazaji. Bia ilitoka Johannesburg ikiwa inajulikana kuliko ilivyoingia. Na hao ndio waliokuwa na bahati, kwa sababu dunia ilikuwa inatazama na kila mtu alijua ni bia gani. Kule Ngong Road hakuna aliyejua. Ujanja wetu ulikuwa umefaulu kupita kiasi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba yule jamaa aliyepiga kofi naye alikuwa amedanganywa. Sisemi hivyo kumtetea. Mkono ulikuwa wake na hakuna tangazo lililouinua. Lakini aliamini msichana mzuri anayejua mpira ametoa pesa yake mwenyewe kumnunulia bia. Angeona jina la kampuni kwenye gauni, angejua anaongea na tangazo, kama anavyojua bango la barabarani halimpendi. Kufanya tangazo lionekane kama urafiki kunamwachia mnywaji deni la kudai, na kunamwacha msichana hapo alipwe yeye. Mechi ikiisha na timu imefungwa, mtu huanza kukusanya madeni.

Siku hizi baa hazihitajiki hata. Wasichana wa chini ya skrini wamehamia ndani ya simu. Kijana ana wafuasi elfu kumi, anaposti akitazama mechi na washkaji, chupa imekaa kando ya rimoti kama imejisahau, hakuna neno "tangazo" popote. Julai 2025 serikali ilizindua sera mpya ya pombe iliyopendekeza umri wa kunywa upande kutoka 18 hadi 21, na watu maarufu wazuiwe kuitangaza. Watu walibishana wiki nzima kuhusu umri. Mimi nilikwama kwenye hilo la pili. Maarufu ni nani? Sisi wanne hatukuwa maarufu. Tuliajiriwa kwa sababu hatukujulikana. Ukimzuia mchezaji wa Harambee Stars kushika chupa, ambalo ni jambo zuri, umeongeza thamani ya msichana wa chuo asiyejulikana na mtu, na kesho ajensi itakuja kumtafuta na gauni mkononi.

Kama ningeulizwa, ningeomba kitu kidogo kuliko sera. Ningeomba kila anayelipwa ashike chupa mbele ya shabiki awe na barua yenye jina la anayemlipa, na jina hilo liwe pale mtu anapoweza kulisoma. Shabiki atajua anauziwa. Onyo litapata pa kukaa. Na msichana akiulizwa "kazi ya nani", atakuwa na jibu.

Mwenzangu yule alimaliza uuguzi. Yuko hospitali moja ya kaunti, anavaa sare yenye jina lake upande mmoja na jina la hospitali upande wa pili. Aliponisomea kwa simu kile kibandiko, hakuongeza neno, nami sikuongeza.

Ndugu yangu sasa ni mrefu kuniliko. Ni shabiki wa Gor, jambo ambalo mzee bado hajalisamehe. CHAN ilipokuja Kasarani Agosti 2025 na Kenya ikaifunga Morocco bao moja bila, alirudi nyumbani bila sauti, uso umepakwa bendera, na nikafurahi kwa ajili yake kama mtoto. AFCON ya 2027 itachezwa hapa kwetu, pamoja na Tanzania na Uganda. Ajensi zimeshaanza kujipanga. Juzi alinitumia skrinshoti: wanatafuta vijana ishirini wenye nguvu, wanaopenda mpira, wa kukaa pamoja kwenye mechi na kuongoza nyimbo. Jezi za bure, nauli, vinywaji, na kitu kidogo kwa M-Pesa. Rangi ya jezi ilikuwa imeonyeshwa. Nembo haikuwepo.

"Siz, hii ni doo ya bure," aliandika. "Si ni kushangilia tu?"

Nilianza kuandika ujumbe mrefu, nikaufuta. Anajua kisa cha Ngong Road, nilimsimulia mwenyewe. Si mtoto, na kazi hakuna. Kumwambia asiende ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara. Kwa hivyo nilimwuliza kitu kimoja tu: barua ya kazi itaandikwa jina la nani?

Tiki mbili za buluu zilitokea mara moja. Kisha ikaandika kwamba anaandika, ikanyamaza, ikaandika tena kwamba anaandika.

"Wacha niwaulize," akajibu.